Miaka 11 ya usafi kiwandani, leo naambiwa nisaini kwamba nimeacha kazi mwenyewe

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Igoma. Nafanya usafi katika kiwanda cha samaki hapa Mwanza tangu mwaka 2014, mwaka wa 11 umeshatimia. Sisi wa usafi hatushiki kisu. Wenzetu wakimaliza kutoa minofu ndipo tunaingia: tunazoa mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu), tunaosha meza, kreti na sakafu kwa maji ya moto na klorini, halafu tunafua aproni na sare za zamu nzima. Ukiviona vidole vyangu utadhani nimeungua. Lakini silalamiki, kazi hiyo ndiyo imejenga vyumba viwili tunavyolala na ndiyo inalipa ada.

Jumanne ya wiki iliyopita tuliitwa kantini, wote 23 wa usafi. Afisa utumishi alikuja na kijana mmoja mgeni. Akasema kiwanda kimeamua kubaki na kazi ya samaki tu kwa sababu sangara wamepungua na gharama zimepanda, kwa hiyo usafi anapewa mkandarasi, na huyu kijana ndiye mwakilishi wake. Akasema hakuna anayefukuzwa, ila kuanzia tarehe 1 tutakuwa watu wa mkandarasi. Kikao hakikufika dakika ishirini.

Tukagawiwa karatasi mbili. Ya kwanza imeshachapwa kabisa: "Naacha kazi kwa hiari yangu na sina madai yoyote dhidi ya kampuni." Imebaki nafasi ya jina na sahihi. Ya pili ni mkataba wa mkandarasi, wa miezi sita, mshahara 250,000. Mimi sasa hivi napokea 312,000. Mwenzetu mmoja alipouliza kuhusu miaka yetu, akajibiwa kwamba kampuni itatoa kifuta jasho 150,000 kwa kila atakayesaini. Asiyesaini mpaka tarehe 28 atahesabika amejiondoa mwenyewe.

Wanane wameshasaini. Mimi ilipofika zamu yangu nilisema nimesahau miwani nyumbani. Mzee, mimi sivai miwani. Nilikosa tu cha kusema.

Nyumbani nako hatuelewani. Mwanangu wa kidato cha nne amesoma kwenye simu kwamba kazi ikihamia kampuni nyingine, mfanyakazi anahama na miaka yake na mshahara wake uleule, na haruhusiwi kupunguziwa kitu. Baba yao, ambaye anavua kwenye mtumbwi wa mtu, anasema nisaini tu, nisije nikaishia kuanika dagaa za watu pale Mwaloni. Kiongozi wetu wa tawi la chama cha wafanyakazi hapokei simu. Mkataba wangu wa kwanza nilisaini ukabaki ofisini, nakala sikupewa. Likizo ya mwaka huu sijaenda.

Nisaini au nisisaini?

Mama wa Igoma

---

Marahaba, mwanangu.

Tarehe 28 haikungoji, kwa hiyo la kwanza nalisema kwanza: ile karatasi ya kuacha kazi kwa hiari usiisaini. Hata wakiongeza kifuta jasho kikafika laki tatu. Hata wakikuambia wenzako wote wamemaliza umebaki wewe. Ulivyosema umesahau miwani ulifanya vizuri, ulijipatia siku kadhaa. Sasa tuzitumie.

Wewe hukuamka asubuhi ukaamua kuacha kazi. Kiwanda ndicho kilichokaa kikaona usafi ufanywe na mtu mwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inalijua jambo hilo na inaliita kuachishwa kazi kwa sababu ya mahitaji ya uendeshaji, kwa lugha yetu ya mtaani kupunguzwa. Anayepunguza ana utaratibu wa kufuata na ana malipo ya kutoa. Hiyo karatasi kazi yake ni moja tu, kumfanya aliyeachishwa aonekane ameacha. Ukishaacha mwenyewe, kiinua mgongo hakuna. Notisi unadaiwa wewe. Hata kule NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, lile fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Na kuna kubwa kuliko hayo. Mwajiri akikuachisha kazi, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki na kwamba alifuata utaratibu. Wewe unakaa, yeye anaeleza. Ukiwa umesaini kwamba umeacha, mzigo unahamia mabegani mwako: ni wewe sasa utafute namna ya kuonyesha kwamba ulilazimishwa. Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi miaka mingi, na nilimsindikiza mlinzi mmoja mbele ya msuluhishi katika shauri kama hili. Alisaini juu ya boneti ya gari, jioni, akikimbilia daladala. Msuluhishi aliigeuza ile karatasi ikamwelekea, akamuuliza kwa upole, "Baba, hii sahihi ni yako?" Akasema ndiyo. "Kuna mtu alikutishia?" Yule baba akatazama mikono yake, akasema waliniambia nisiposaini nitakosa vyote. Ilikuwa kweli tupu, na hakuwa na shahidi hata mmoja. Tulihangaika na shauri lile kwa miezi. Sitaki ufike huko.

Sasa tuje kwenye kuhamisha kazi yenyewe. Kumpa mkandarasi usafi si kosa kisheria, na ni vizuri ulijue hilo ili usiende kubishana mahali ambapo hutashinda. Sababu za kiuchumi, za kiteknolojia au za mabadiliko ya muundo wa kampuni zinakubalika, na sangara kupungua ni sababu inayoweza kusikilizwa. Lakini sababu peke yake haitoshi. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapoanza kufikiria kupunguza watu, awape taarifa zote zinazohusika, halafu akae nanyi mshauriane kabla hajaamua: kwa nini mnapunguzwa, kuna njia gani ya kuepuka au kupunguza idadi, watachaguliwa kwa kigezo gani, lini, na malipo yatakuwaje. Kama kuna chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa pale, chama kinaitwa mezani. Msipokubaliana, suala linapelekwa kwenye usuluhishi.

Linganisha na mlichofanyiwa. Mkandarasi alikuwa ameshapatikana na ameketi kantini. Tarehe ya kuhama ilikuwa imeshapangwa. Karatasi zilikuwa zimeshachapwa. Dakika ishirini za kuambiwa uamuzi si mashauriano, hata kama wote 23 mlisaini mahudhurio.

Mwanao nampongeza kwa kusoma, na mwambie nimesema hivyo. Ila alichosoma ni cha kwingine. Uingereza wana kanuni za mwaka 2006 zinazosema hivyo hasa, kwamba shughuli ikihamia kwa mwingine wafanyakazi wanahama nayo pamoja na miaka na masharti yao, na kumpa mkandarasi kazi ya usafi kumo humo. Afrika Kusini nao wana kifungu cha namna hiyo katika sheria yao ya kazi ya mwaka 1995. Sheria yetu ya mwaka 2004 haina kifungu hicho cha kuwahamisha watu moja kwa moja. Tulicho nacho ni kanuni za jumla za mwaka 2017, zinazowataka wanaohusika na utoaji wa huduma kwa njia ya makampuni ya nje wafuate sheria za kazi na walinde haki za wafanyakazi. Ni kitu, na kitaje, lakini hakikuhamishi.

Maana yake ni kwamba miaka yako 11 haitavuka kwenda kwa mkandarasi kwa kuwa tu sakafu unayoosha ni ileile. Itavuka ikiwa imeandikwa, na kiwanda, mkandarasi na wewe mkasaini kwamba utumishi wako unahesabiwa tangu 2014. Isipoandikwa, basi kiwanda kikufungie hesabu yako kwanza, kikulipe, ndipo uanze kwa mwingine ukiwa huna unachomwachia mtu. Njia hizi mbili zote ni za heshima. Wanachokuletea ni njia ya tatu, ya miaka kuyeyuka katikati, kiwanda kikisema si wetu tena na mkandarasi akisema mimi nimekupokea juzi.

Kuyeyuka huko kuna ubaya mwingine ambao watu wengi hawauoni mpaka umewafika. Sheria yetu haimlindi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Leo wewe unalindwa kikamilifu. Ukianza upya kwa mkandarasi, unarudi kuwa kama deiwaka aliyeingia getini jana. Na mkataba wenyewe ni wa miezi sita. Angalia vizuri hiyo miezi sita ya ulinzi na hiyo miezi sita ya mkataba zinavyokaa pamoja.

Kuhusu karatasi ya pili, hapa nakuomba uwe na hekima zaidi ya hasira. Usiikatae kwa mdomo mbele ya watu. Sheria inasema mtu aliyepunguzwa akikataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyotafutiwa, iwe kwa mwajiri wake au kwa mwingine, anaweza kukosa kiinua mgongo. Kwangu mimi, kukatwa 62,000 kila mwezi, kufutiwa miaka na kupewa miezi sita ni sababu za msingi kabisa, na ningezisimamia popote. Lakini anayeamua si mimi. Kwa hiyo usiseme sitaki. Omba maelezo, tena kwa maandishi. Andika kwa mkono wako, namna hii:

"Mimi, mfanyakazi wa usafi tangu mwaka 2014, nimepokea taarifa kwamba kazi yetu inahamishiwa kwa mkandarasi. Sijaomba kuacha kazi na niko tayari kuendelea na kazi yangu. Naomba kupewa kwa maandishi sababu za mabadiliko haya, tarehe tutakayokaa kushauriana, na hesabu ya malipo yangu. Ajira kwa mkandarasi siikatai. Naomba muda wa kuisoma na kujulishwa kama miaka yangu ya utumishi na mshahara wangu vitaendelea kama vilivyo."

Weka tarehe, saini, nakala mbili. Moja wapokee, ya pili wakugongee muhuri au waandike imepokelewa na nani. Wakikataa kupokea, nenda na wenzako wawili wanaojua kusoma, mwandike nyuma ya nakala saa na jina la aliyekataa, kisha piga picha barua umtumie afisa utumishi kwa WhatsApp. Mkiwa 15 mliobaki mnaweza kuandika barua moja mkasaini wote. Ni vigumu zaidi kuipuuza.

Sasa hesabu, maana najua baba watoto ataiuliza, na ana haki ya kuuliza. Hofu yake si ya kijinga. Anayeingia ziwani usiku na kurudi na mafuta ya mashine hayajalipwa anajua thamani ya mshahara wa mwezi. Mwonyeshe hivi. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kama 312,000 yote ni mshahara wa msingi na mnafanya kazi siku 6 kwa wiki, gawanya kwa 26, siku yako moja ni 12,000. Mara 7 ni 84,000. Mara miaka 10 ni 840,000; mwaka wa 11 sheria haiulipi. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, au walipe badala yake, weka karibu na mshahara wa mwezi mmoja. Hapo umeshapita milioni moja na laki moja, na bado hatujagusa likizo ya mwaka huu ambayo hukwenda, wala siku za mshahara utakazokuwa umefanya kazi. Wanakupa 150,000. Kuna pia cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako hata kama mmeachana vibaya. Nauli ya kurudi ulikotoka inamhusu aliyeajiriwa mahali pengine akaletwa Mwanza. Wewe kama uliajiriwa hapahapa, achana nayo.

Na hizo ndizo za mtu aliyepunguzwa kwa haki. Ikithibitika mliachishwa bila utaratibu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe fidia juu ya hizo.

Suala la mkataba usio nao lisikukoseshe usingizi. Kutunza maandishi ya ajira ni wajibu wa mwajiri, na shauri likifika mbele akashindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa wake. Wewe kusanya ulivyo navyo: hati za mshahara, taarifa ya benki inayoonyesha jina la kampuni kila mwezi, kitambulisho cha kazi, picha yenu mkiwa na gambuti kama ipo. Nenda NSSF ukaombe taarifa ya michango. Ikionyesha mchango wa kwanza uliingia 2014 na jina la mwajiri ni lilelile, una ushahidi wa miaka yako kutoka ofisi ambayo hakuna atakayeibishia. Ukikuta miezi imerukwa, piga kelele mapema, kabla kiwanda hakijasema nyie si watu wake. Ile karatasi ya kuacha kazi usiisaini, wala usiirudishe hivihivi. Ipige picha pande zote mbili, maana siku moja itaeleza yenyewe jinsi mlivyoachishwa.

Kiongozi wa tawi asipopokea simu, pandeni juu yake, nendeni ofisi ya chama ya mkoa mkiwa wawili watatu. Mnakatwa ada kila mwezi, mna haki ya kuhudumiwa. Wakisuasua, Afisa Kazi wa mkoa yupo, na mlango wake hauhitaji wakili.

Tarehe 1 ikifika, nenda kazini kama kawaida. Usikae nyumbani kwa hasira, wasije wakasema umetoroka kazi. Vaa sare, fika getini saa yako. Mlinzi akikuzuia usigombane naye, naye ana watoto. Andika saa, jina lake, na nani alikuwa nawe, kisha mtumie afisa utumishi ujumbe: nimefika kazini, nimezuiwa, naomba maelekezo. Siku hiyo iandike kubwa kwenye kalenda, kwa sababu kuanzia hapo una siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile mnayoiita CMA. Siku 30 za kalenda, Jumapili zimo. Unajaza fomu namba moja, CMA F1, nakala moja unampelekea mwajiri na anasaini kuipokea, kisha unaiwasilisha Tume. Hakuna ada. Unaweza kwenda na kiongozi wa chama, wakili, au mtu unayemwamini akuwakilishe. Usuluhishi unapewa siku 30, na mashauri mengi ya hesabu kama lako yanaisha hapo, kwa sababu mwajiri akiiona hesabu mezani na hana mihtasari ya vikao vya mashauriano, anajua kinachofuata. Ukichelewa hata siku chache, inabidi kwanza uombe kuongezewa muda na kueleza sababu, na sababu ya "sikujua" huwa haina nguvu. Nimeona watu wenye haki nyeupe kabisa wakirudishwa kwa sababu walikuja siku ya 47 wakiwa wanasubiri "bosi atuite tuyamalize".

Wale wanane waliosaini msiwanunie. Waliogopa, na wewe unajua walichokiogopa. Waambie hawajafa: kama waliambiwa wasaini au wakose vyote, na nyie 15 mlikuwepo mkasikia, wana mashahidi 15 ambao yule mlinzi wangu hakuwa nao hata mmoja. Ila wao saa yao ya siku 30 inaanza siku ajira yao ilipokoma, na huenda karatasi waliyosaini ina tarehe ya nyuma. Waitazame leo hii.

Afisa utumishi akijibu barua yako, nitumie picha ya jibu lake siku hiyohiyo, usingoje mwisho wa wiki.

Mzee wa safu hii